Meno Thelathini na Sita

Adija aliyahesabu meno mara tatu, na mara zote tatu yakawa thelathini na sita.

Baiskeli ilikuwa imepinduliwa uani, kiti na usukani chini, magurudumu juu, kama alivyoipindua kila mumewe Huseni aliporudi kutoka mlimani na tope jekundu la huko. Kuiosha ilikuwa kazi yake tangu kabla hajaingia mke wa pili. Alianza na rimu, akaja kwenye cheni, akafika kwenye giya ya mbele, ile sahani ya meno inayozungushwa na pedeli, kitambaa kikapita haraka mno. Mkono uliozoea mduara mkubwa ulikuta mduara mdogo. Akachuchumaa, akatia alama ya sabuni kwenye jino moja, akaanza kuhesabu.

Yalikuwa arobaini na nane. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Adija alizaliwa Mtanda, mjini Lindi, katika nyumba ambayo baraza yake ilikuwa karakana ya baba yake, fundi baiskeli, na wenzake walipokuwa wakiimba herufi yeye aliimba meno: mengi mbele, mguu mzito, safari fupi, machache mbele, mguu mwepesi, safari ndefu. Mengi kwa tambarare, machache kwa mlima.

Akaikagua cheni. Nayo ilikuwa imefupishwa. Pingili sita hazipo. Basi hili halikuwa jambo la bahati mbaya. Mtu alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi, akasubiri mpaka kazi ikaisha, akalipa, akapanda akaenda zake bila kusema kitu nyumbani.

Kutoka Nangurukuru kwenda Kilwa Masoko ni lami, imelala kama mkeka. Kutoka Nangurukuru kwenda upande wa pili ni kupanda, unapanda mpaka unasahau kilichokupeleka. Huseni alikuwa na wake wawili na baiskeli moja. Siku mbili zilikuwa zamu ya Adija, pembezoni mwa Nangurukuru, na katika siku hizo alikwenda Masoko kununua ng'onda, samaki wale wakavu wenye harufu isiyotoka kwenye nguo. Siku mbili zilikuwa zamu ya Umi, mke mdogo, mlimani, na huko aliwauza ng'onda hao nyumba kwa nyumba. Lami ilikuwa ya Adija. Mlima ulikuwa wa Umi. Na meno yalikuwa yamehamia mlimani.

Sasa alielewa kwa nini zamu iliyopita, siku zote mbili, Huseni alirudi kutoka Masoko wakati wa isha, chakula kimepoa, akala kimya akalala. Zamani alirudi alasiri. Wakikaa barazani, akimenyewa chungwa, akisimulia ya sokoni.

Aliigeuza baiskeli, akaiegemeza ukutani. Upande mmoja aliuacha na tope lake.

*

Fundi Mikaeli alifanyia kazi zake kwenye kibanda cha bati karibu na mahali mabasi yanaposimama, ubavuni mwa Monika aliyeuza chai na chapati. Mtu akitaka siri asiende kwa Mikaeli, kwa sababu Monika alikuwa na masikio manne.

"Shemeji, karibu," alisema Mikaeli bila kuinuka.

"Starehe. Nimekuja kuuliza. Giya ya mbele ya baiskeli ya Baba Amiri umeibadilisha wewe?"

"Mimi. Ile ndogo niliitoa kwenye baiskeli ya mtumba. Imekaa vizuri, si ndiyo?"

"Imekaa. Alikwambia anataka nini?"

Mikaeli alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu wa kanisani, hakupenda kusema uongo, lakini pia hakupenda kuingia kati ya mtu na mkewe, seuze wake wawili. "Alisema anataka ya mguu mwepesi. Basi. Mimi nikifungua ni kufungua, sihoji."

"Mguu mwepesi," alirudia Monika huku akigeuza chapati. "Masikini Huseni. Mlima umemchosha."

Wanawake wawili waliokuwa wakinywa chai walicheka ndani ya vikombe.

"Mlima haumchoshi," alisema mmoja. "Kinachomchosha kiko juu ya mlima."

"Mama Amiri, usikonde," akasema Monika. "Wewe umeolewa, yule kaolewa, na sasa hata baiskeli imeolewa mlimani. Mmekuwa watatu."

Adija alicheka pamoja nao, kwa kuwa asiyecheka hapo huchekwa mara mbili. Kisha akauliza ile giya kubwa iko wapi. Mikaeli akamwonyesha kwa kidole: imetundikwa kwenye msumari, meno yake arobaini na nane yaking'aa kwa mafuta. Adija aliitazama kama mtu anavyotazama nguo yake iliyoanikwa kwenye kamba ya jirani.

*

Alimsubiri Huseni ale kwanza. Alimpakulia wali na ng'onda wa nazi, akakaa kwenye kigoda, akamwacha afike nusu ya sahani.

"Baba Amiri, ukininunulia kitenge, na mwenzangu unamnunulia. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Ndoo mbili. Miswala miwili. Hata sukari unaigawa kwa kikombe."

"Haki ni haki," alisema Huseni, na akanyoosha mgongo kidogo. Hilo lilikuwa jambo alilojivunia. Msikitini watu waliwaambia vijana wenye haraka ya kuongeza mke wakamtazame Huseni anavyogawa. "Kwani kuna kitu umepungukiwa?"

"Meno kumi na mawili."

Huseni aliacha kutafuna. Akavitazama vidole vya miguu yake. "Goti linanisumbua, Mama Amiri. Kule kunapanda."

"Hapa hakupandi."

"Baiskeli ni yangu."

"Baiskeli ni yako. Saa ni zangu. Ulikuwa ukirudi alasiri, sasa unarudi isha, unazungusha miguu kama cherehani na barabara haisogei. Zile saa baina ya alasiri na isha zimo kwenye zamu yangu. Nani kakuruhusu ukampe mwenzangu?"

Huseni alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akakimeza kicheko pamoja na wali. Ubaya wa maneno yale ni kwamba hayakuwa na tundu. Mtu aliyegawa sukari kwa kikombe hawezi kusema saa hazigawiki.

"Nitaweka ya katikati," alisema baada ya kunywa maji. "Mikaeli anayo ya meno arobaini na mawili."

"Itakuwa nzito kule, nyepesi hapa. Utakuwa umetunyima wote wawili, ndipo useme umetenda haki."

"Sasa unataka nini, mwanamke?"

"Kila zamu na meno yake. Ukishuka, funga kubwa. Ukipanda, funga ndogo. Kibanda cha Mikaeli kiko njiani."

"Watu watanicheka."

"Mimi wameshanicheka leo," alisema Adija. "Kwa Monika, hata chapati zilikuwa hazijaiva."

*

Ikawa hivyo. Kila baada ya siku mbili Huseni alisimama kwa Mikaeli, baiskeli ikapinduliwa, giya ikatolewa, nyingine ikaingia, na kipande cha cheni chenye pingili sita kikaunganishwa au kikatolewa na kutupwa kwenye kopo la maziwa. Wapiga debe wakampa jina, Mzee wa Meno. Monika aliacha kuuliza tarehe. Aliangalia msumari wa Mikaeli. "Leo kubwa imetundikwa," alisema, "basi mzee yuko mlimani."

Huseni alisalimia kila mtu na kutazama ardhi.

Na Adija alipata alichotaka. Huseni alirudi alasiri. Kutoka jikoni aliisikia baiskeli ikija, cheni imekaza, tairi zikivuma juu ya lami, mvumo wa mtu anayewahi kwake. Siku za mwanzo zilimtosha. Alimenya machungwa, akasikiliza habari za Masoko. Lakini chungwa lenyewe lilitoka mlimani, na alipolimenya alifikiri ni mkono gani ulilichuma. Huseni akiimba kidogo, alijiuliza wimbo kaupata wapi. Akikaa kimya, alijua yuko wapi. Alikuwa amerudishiwa saa zake, na sasa alizihesabu kila moja kama mtu anayeshuku ameuziwa mchele wenye mawe.

Wiki ya tatu Mikaeli alipata msiba Lindi. Kabla ya kupanda basi alipita kwa Adija na giya ndogo imefungwa kwenye gazeti.

"Shemeji, wewe mtoto wa fundi. Kesho mzee anapanda. Mfungie wewe, usimkawize."

"Bila wasiwasi," alisema Adija. "Pole na msiba."

Aliipeleka ndani, akaifukia kwenye pipa la mpunga, akakumba mpunga juu yake mpaka mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko. Asubuhi Huseni alipouliza, alimwambia kibanda kimefungwa na fundi kasafiri. Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli. Huseni aliguna, akafunga kapu la ng'onda kwenye keria, akaenda. Adija alisimama barazani akamtazama akipotea na meno arobaini na nane, akifikiria pale mlima unapoanza, pale ambapo mwanamume atashuka na kusukuma, jasho, kisirani, afike kwa mkewe mdogo amevimba mdomo. Alisikia raha. Ilikuwa raha ya kweli na hakuionea haya hata kidogo. Siku ile alifua nguo zote za ndani ya nyumba, hata zilizokuwa safi.

*

Siku ya tatu, jua la saa sita, aliyeingia uani na baiskeli hakuwa Huseni. Alikuwa Umi, anaisukuma, anachechemea.

Walikuwa wamekutana mara mbili tu, arusini na msibani, na mara zote mbili kulikuwa na watu wa kutosha kati yao. Sasa hapakuwa na mtu. Umi alikuwa binti wa miaka ishirini na tatu au nne, mweusi wa kung'aa, si mzuri kama Adija alivyomtengeneza kichwani wakati wa kumenya machungwa. Kidevuni alikuwa na kidonda kibichi, na kiwiko kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepatwa na nini?"

"Nimeanguka." Aliegemeza baiskeli, akaketi ukingoni mwa baraza bila kukaribishwa, kwa sababu goti lilikataa kusubiri. "Dada, samahani kuja bila taarifa. Yeye hajui, nimemwacha shambani. Nimekuja kuchukua meno yangu."

"Meno yako?"

"Ya giya. Yale madogo. Nimepita kwa fundi, kumefungwa, mama wa chapati akaniambia umeachiwa wewe."

Adija alitaka kumshika shingo. Badala yake alimletea maji. Umi akanywa kikombe kizima.

"Mbona unasema yako? Si ya Baba Amiri, goti linamsumbua?"

Umi alimtazama kwa mshangao usio na hila. "Goti gani? Yeye anapanda mlima ule na gunia la chumvi, na meno yoyote utakayompa. Mimi ndiye ninayeshindwa. Kisima kiko bondeni, dada, na nyumba iko juu. Nilikuwa nabeba ndoo kichwani safari sita, mimba ikanitoka mwezi wa Rajabu. Ndipo akasema basi, siku nikiwepo utatumia baiskeli. Akanitafutia ya mguu mwepesi. Jana asubuhi nimefunga madumu mawili, nimefika katikati ya mlima, mguu ukagoma. Ikarudi nyuma na mimi."

Kuku walipita uani. Adija alisikia kila neno, na habari ya mimba ilimchoma mahali panapochomeka kila mwanamke. Lakini neno lililobaki limesimama mbele yake, kubwa kuliko yote, lilikuwa jingine.

"Unapanda baiskeli."

"Napanda."

"Nani kakufundisha?"

"Yeye." Umi akatabasamu kabla hajakumbuka anatabasamu mbele ya nani, kidonda kikamvuta, tabasamu likakatika. "Alinishikilia kiti kwa nyuma. Alikuwa anakimbia huku kakunja msuli kiunoni, anasema tazama mbele, usitazame chini, mimi nipo. Watu wa kule walikuja kutazama bure."

Adija alipanda baiskeli akiwa na miaka minane. Aliijaribu kila baiskeli iliyotoka mikononi mwa baba yake, alishuka nayo mteremko wa Mtanda mikono iko hewani. Kisha akaolewa, na wiki ya kwanza ya ndoa, wakiwa wamekaa barazani hapahapa, alipita mwanamke juu ya baiskeli, Huseni akacheka akasema, mke wangu mimi hapandi kitu kile. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja chakula asichokipenda. Adija, bibi arusi, akafunga mdomo. Miaka kumi na tisa aliiosha baiskeli ile na hakuipanda hata mara moja, na mumewe hakupata kujua kwamba anajua.

Alikwenda ndani, akafukua mpunga, akarudi na giya na kopo la spana za marehemu baba yake.

"Nilikuwa nayo siku ile aliyopanda," alisema, akiwa amempa Umi mgongo. "Nilikuwa nayo nikaificha."

"Nilidhani hivyo," alisema Umi. "Njiani nimekutukana sana."

"Sawa."

"Ulijua kama mimi ndiye ninayeipanda?"

"Sikujua. Nilitaka yeye ndiye asukume."

"Yeye hakusukuma," alisema Umi. "Alipanda nayo mpaka mlangoni."

Adija aliipindua baiskeli. Akagonga pini ya mkono wa pedeli ikatoka, akatoa sahani kubwa, akapachika ndogo, akahesabu pingili sita, akakata cheni, akaunga. Mikono haikukosea hata sehemu moja, ingawa moyo ulikuwa ukimwambia mambo mengi kuhusu pini ile, jinsi inavyoweza kuachwa nusu. Aliigonga mpaka ikazama yote. Umi alikuwa amepewa chungwa, analila polepole kwa upande mmoja wa mdomo, akimtazama.

"Dada, wewe ni fundi."

"Baba alikuwa fundi. Mimi nimeona tu."

*

Huseni alifika kwa bodaboda saa tisa, kapu tupu magotini, hofu imemjaa usoni. Alikuwa amerudi kutoka shambani akakuta nyumba haina mke wala baiskeli. Aliposhuka akawakuta wake zake wawili kwenye baraza moja, maganda ya machungwa katikati yao, na baiskeli imesimama na meno thelathini na sita katika siku ya zamu ya Adija.

"Asalam aleikum," alisema, kwa sababu hakuwa na kingine.

"Waaleikum salaam," walijibu kwa pamoja, na hilo likamtisha zaidi.

"Mwenzangu anarudi nayo sasa hivi, awahi kabla ya jua kuzama," alisema Adija. "Wewe kesho Masoko utakwenda kwa gari. Lakini kabla hajaondoka nina shida nayo kidogo. Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Baiskeli."

Huseni alimtazama Umi. Umi akalitazama chungwa.

"Mama Amiri, utu uzima huu? Barabarani, watu wanapita?"

"Goti linakusumbua?"

Huseni aliweka kapu chini. Alikunja msuli, akauchomeka kiunoni, akaisukuma baiskeli hadi ukingoni mwa lami. Adija alikusanya dera lake, akapitisha mguu juu ya bomba, akaketi. Mwili mzima ulikumbuka. Magoti yalikumbuka, kiuno kilikumbuka, vidole vilijikunja kwenye breki vyenyewe. Ilimbidi auambie mwili usahau. Akashika usukani kama anayeshika nyoka.

"Tazama mbele," alisema Huseni nyuma yake, mkono mmoja chini ya kiti, mwingine begani mwake. "Usitazame chini. Mimi nipo."

Akakanyaga. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, Huseni akikimbia, ndala zikipiga lami, pumzi zake zikigonga shingo ya mkewe. Abiria wa bajaji iliyopita walipiga makofi. Kutoka barazani Umi alicheka, kisha akaacha kucheka, akainamisha kichwa, akawa anatazama jinsi mguu wa dada unavyoshuka kwenye pedeli kwa unyayo wa mbele, bila kutafuta.

"Usiniachie," alisema Adija.

"Sikuachii."

Walipofika usawa wa duka alimwachia. Adija alijua papo hapo. Baiskeli iliyoshikwa ina uzito wake na iliyoachiwa ina wake, na hii ilikuwa nyepesi, nyepesi kabisa, meno yale machache yakizunguka kama hayashiki kitu, lami mbele yake imenyooka hadi Masoko. Nyuma Huseni alikuwa amesimama, anamtazama akienda, yumkini anatabasamu.

Adija aliupinda usukani. Akaacha baiskeli ilale upande, polepole, akiikokotesha muda mrefu kuliko anguko lolote la kweli, mpaka akasikia ndala zikija mbio na mikono miwili ikamdaka kiunoni.

"Nimekushika," alisema Huseni akihema. "Nimekushika. Ulikuwa unakwenda vizuri, mbona umetazama chini?"

"Mwenzangu alijifunza kwa siku ngapi?"

Huseni alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kudanganya katika hesabu. "Siku nne."

"Mimi mgumu wa kuelewa," alisema Adija, akapanda tena.